Dripu ya haraka na mtoto wa homa: swali lililoulizwa Kilifi

Bonyeza ukucha wa kidole gumba chako mpaka nyama iliyo chini yake igeuke nyeupe, kisha uachie. Wekundu unarudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Sasa mfikirie mtoto wa miaka miwili aliyeletwa hospitalini mgongoni mwa mama yake. Ana homa ya siku tatu, kichwa kimelegea, anapumua haraka huku mbavu zikiingia ndani. Muuguzi anambonyeza ukucha, anaachia, anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Weupe bado upo. Anampapasa kwa nyuma ya kiganja kutoka unyayoni kupanda juu: mguu ni wa baridi mpaka karibu na goti, ilhali tumbo linawaka moto. Mapigo ya mkononi ni membamba na yanakimbia.

Damu ya mtoto huyu haifiki vizuri kwenye ncha za mwili. Mwili wenyewe umeanza kubana matumizi: unaipunguzia miguu na mikono ili ubongo na moyo visikose. Hospitalini hali hii huitwa shoki, na haihusiani na mshtuko wa kuogopa. Mtoto wa namna hii akikaa kwenye foleni anaweza kufa akiwa bado anasubiri kuitwa jina.

Afanyiwe nini? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja, na lilifundishwa kila mahali: mtundikie dripu, mmiminie maji haraka haraka. Hoja yake inaeleweka hata na asiyesomea udaktari. Mishipa imepwaya, basi ijaze. Ikijaa, moyo utapata cha kusukuma na damu itafika inakotakiwa. Sisi ndugu wa wagonjwa tunaliamini jibu hilo pengine kuliko madaktari. Katika nchi zetu mtu aliyelazwa bila kutundikiwa dripu huonekana hajatibiwa. Swali la kwanza la anayekuja kumjulia hali huwa ni lile lile: "Ameshawekewa maji?"

Makala haya ni juu ya daktari aliyeliamini jibu hilo, akalifanyia kazi kwa miaka, akalipima, na likamgeukia.

Kathryn Maitland ni daktari wa watoto kutoka Uingereza, profesa wa Imperial College London, lakini kazi yake iliyomtambulisha duniani ameifanyia Afrika Mashariki, hasa Kilifi, pwani ya Kenya. Pale Kilifi, kwenye hospitali ya serikali, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na mfuko wa Wellcome wa Uingereza wana kituo cha utafiti tangu 1989. Wodi ya watoto ya hospitali hiyo ndiyo darasa lake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa akichunguza jambo lililokuwa likiwakera madaktari wengi wa ukanda huu: kwa nini watoto wenye malaria kali hufa hata baada ya kupewa dawa sahihi ya malaria, na kwa nini wengi wao hufa ndani ya saa chache baada ya kufika?

Alichokiona ni tindikali. Damu ya watoto waliokuwa hatarini zaidi ilikuwa imejaa tindikali, dalili kwamba viungo vyao havipati oksijeni ya kutosha. Alipoongeza na ile miguu ya baridi na mapigo membamba, akahitimisha kwamba watoto hawa wana shoki, na kwamba wanapewa maji kidogo mno. Hospitali nyingi za wilaya wakati huo zilikuwa zikitoa maji kwa uangalifu sana kwa kuogopa kuujaza ubongo au mapafu. Maitland aliona woga huo unagharimu maisha.

Akaanza na majaribio madogo. Katika moja lililochapishwa 2005, watoto wenye malaria kali waliokuwa na tindikali walipewa ama maji ya chumvi ya kawaida ya dripu, ama albumini, protini inayotolewa kwenye damu ya binadamu ambayo husaidia maji yasivuje nje ya mishipa. Waliopewa maji ya chumvi walikufa 11 kati ya 61. Waliopewa albumini walikufa 2 kati ya 56. Ukizitazama namba hizo unaelewa kwa nini matumaini yalipanda. Zilionekana kama mlango uliofunguka.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Kundi la watoto sitini ni dogo. Watoto watano au sita wakipona upande mmoja kwa sababu ambazo haukuzipima, picha nzima inabadilika. Daktari anayetaka umaarufu wa haraka angeishia hapo, aanze kuhubiri albumini. Maitland aliomba fedha za jaribio kubwa zaidi, ambalo lingejibu maswali mawili kwa pamoja: je, albumini inashinda maji ya chumvi? Na je, kummiminia mtoto maji haraka, yawe ya aina yoyote, kunashinda kutommiminia kabisa? Swali la pili wengine waliliona la ajabu. Nani anapima jambo ambalo liko vitabuni?

Jaribio hilo liliitwa FEAST. Lilianza mwaka 2009 katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule iliyoko Muheza, mkoani Tanga, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Halikuwa la mtu mmoja. Sarah Kiguli wa Makerere, Peter Olupot-Olupot wa Mbale, George Mtove wa Muheza na wenzao ndio waliolibeba wodini, usiku na mchana, katika hospitali ambazo hazikuwa na mashine za kupumulia.

Watoto walioingizwa walikuwa wa umri wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali, waliolegea au kupoteza fahamu, au wanaopumua kwa taabu, na wenye dalili za damu kutofika vizuri. Mtoto alipofika, bahasha iliyofungwa ilichukuliwa kwa mpangilio wa namba na kufunguliwa. Ndani yake mlikuwa na mojawapo ya majibu matatu: albumini ya haraka, maji ya chumvi ya haraka, au maji ya kawaida ya kumtunza tu. Hakuna daktari aliyechagua. Bahati ndiyo iliyogawa, na hiyo ndiyo maana yake, kwa sababu daktari akichagua mwenyewe, hata bila kukusudia atampeleka mtoto anayemhurumia zaidi upande anaouamini.

Tupime kiasi chenyewe, maana neno "dripu" huficha mengi. Mtoto wa kilo kumi katika makundi ya maji ya haraka alipewa mililita 200 ndani ya saa moja, chini ya chupa ya soda. Baadaye utaratibu ulirekebishwa na kiasi kikapandishwa mara mbili. Mtoto wa kilo hizo hizo katika kundi la tatu alipata mililita kati ya 25 na 40 kwa saa, yaani vijiko viwili au karibu vitatu vya chakula. Mengine yote yalikuwa sawa: dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni, sukari iliposhuka, damu kwa mwenye upungufu mkubwa.

Kulikuwa na jambo la idhini pia, ambalo lilizungumzwa sana na linastahili. Mama ambaye mtoto wake anakata roho hawezi kukaa asomewe karatasi ya kurasa kadhaa. Na kila dakika ya maelezo inaibwa kutoka kwenye matibabu. Watafiti walikubaliana na kamati za maadili kutumia hatua mbili: mzazi aulizwe kwa mdomo, kwa ufupi na kwa lugha yake, na akikataa asisumbuliwe, kisha mtoto akishatulia apewe maelezo kamili na kutia saini, au kukataa. Kuna watakaosema hata hivyo ni kidogo. Mimi naona njia nyingine pekee iliyokuwepo ilikuwa kuendelea kuwapa maelfu ya watoto tiba ambayo hakuna aliyewahi kuipima, bila kumuuliza mzazi yeyote lolote.

Januari 2011, kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wa jaribio ilizitazama namba na kuagiza lisimamishwe. Lilikuwa limepangwa kufikia watoto 3,600. Lilikuwa limefika 3,141. Wakati jaribio linasimamishwa namna hii, mtu hutegemea kusikia kwamba tiba imefaulu mno kiasi cha kuwa dhambi kuwanyima wengine. Safari hii ilikuwa kinyume. Ndani ya saa 48, kati ya watoto 1,050 waliopewa albumini walikufa 111. Kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi ya haraka walikufa 110. Kati ya 1,044 ambao hawakumiminiwa maji ya haraka walikufa 76.

Soma tena hizo namba. Albumini na chumvi zimelingana karibu kabisa, kwa hiyo ile ahadi ya 2005 iliyeyuka. Na maji ya haraka, ya aina zote mbili, yaliongeza vifo vitatu hivi katika kila watoto mia.

Wengi walikuwa na hakika kwamba kuna kundi dogo litakalookolewa: labda wasio na malaria, labda wasio na upungufu wa damu, labda wenye tindikali nyingi zaidi, labda wachanga zaidi. Watafiti walipekua kundi moja baada ya jingine. Hawakupata hata moja lililonufaika.

Kinachonigusa zaidi kuliko vyote ni matokeo ya saa moja baada ya kuanza. Katika makundi ya maji ya haraka, dalili za shoki zilikuwa zimeondoka kwa watoto 43 katika mia. Katika kundi la tatu, kwa 32. Maana yake ni kwamba muuguzi aliyesimama kando ya kitanda aliona mtoto anapata nafuu. Mguu ulipata joto, ukucha ukarudisha wekundu, mama akashusha pumzi. Daktari aliyekuwa na uzoefu wa miaka ishirini angeapa kwamba maji yanaponya, kwa kuwa aliyaona kwa macho yake yakiponya. Halafu baadaye, usiku, mtoto yule yule akazimika, na kifo chake kikaandikwa kwenye hesabu ya malaria au ya nimonia. Hakuna daktari mmoja, awe hodari vipi, anayeweza kuona vifo vitatu vya ziada katika mia kwa kutazama wodi yake. Ilihitajika kuhesabu watoto elfu tatu.

Kwa nini maji yaue? Wengi walifikiri yalijaza mapafu au kuvimbisha ubongo, jambo lililoogopwa tangu zamani. Timu ilipochambua vifo, ilikuta vingi vya ziada vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kuporomoka. Uchambuzi wa baadaye, uliochapishwa 2019, uliongeza kwamba maji ya haraka yalishusha wingi wa damu nyekundu kwa kuizimua, kwa watoto ambao wengi wao tayari walikuwa na damu pungufu; kwamba chumvi iliyomo iliongeza tindikali; na kwamba upumuaji na fahamu vilirudi nyuma. Wataalamu bado wanajadiliana ni kipi kati ya hivyo kilicho na uzito zaidi. Mimi huiona hivi: ile miguu ya baridi tuliyoiita kasoro inaweza kuwa kinga. Mwili ulikuwa umefunga milango makusudi. Tukaifungua kwa nguvu, kwa ghafla, na moyo uliochoka haukuuhimili mzigo.

Matokeo yalipochapishwa Mei 2011, kelele zilikuwa nyingi. Madaktari wa nchi tajiri walisema hayo ni ya Afrika, kwenye malaria na upungufu wa damu, kwetu hayatuhusu. Wengine walisema shida ni kukosekana kwa vyumba vya wagonjwa mahututi. Hoja ya pili ina uzito, lakini inatuambia jambo juu yetu wenyewe: tiba iliyotengenezwa kwa ajili ya hospitali zenye mashine ilikuwa imeletwa kwenye hospitali zisizo na mashine, bila mtu kuuliza kama inafaa huku. Huko Lusaka, Zambia, watafiti wengine walilipima swali kama hilo kwa watu wazima wenye maambukizi makali na shinikizo la damu lililoshuka. Mwaka 2017 walitangaza kwamba katika kundi lililofuata utaratibu wa maji mengi na dawa za kupandisha shinikizo walikufa asilimia 48.1, katika matibabu ya kawaida, asilimia 33.

Miongozo haikubadilika kwa siku moja. Shirika la Afya Duniani lilichukua mpaka 2016 kutoa mwongozo mpya wa dharura za watoto. Humo, mtoto wa homa ambaye ana dalili moja au mbili tu za damu kutofika hamiminiwi maji ya haraka. Ili ahesabiwe ana shoki lazima awe na zote tatu kwa pamoja: mikono na miguu ya baridi, ukucha unaochelewa zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu ya kasi. Hata huyo hupewa kiasi kidogo, taratibu, huku akitazamwa. Mwaka 2020 mwongozo wa kimataifa wa maambukizi makali kwa watoto nao ukapendekeza kwamba pasipo na huduma ya mahututi, na shinikizo la damu halijashuka, maji ya haraka yasitolewe.

Naomba hapa mzazi anayesoma asinielewe vibaya. Yote niliyoeleza ni ya mtoto wa homa kali. Mtoto anayeharisha na kutapika mpaka macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi, amepoteza maji kweli kweli, na maji ndiyo dawa yake. Watoto hao hawakuhusishwa katika FEAST, wala walioungua, wala walioumia. Kipindupindu kinatibiwa kwa maji. Asikatae mtu dripu ya mtoto anayeharisha kwa sababu ya makala haya.

Kuna jambo jingine ndani ya zile namba ambalo hupitwa haraka. Walioandaa jaribio walikadiria vifo vingi zaidi katika kundi la tatu kuliko asilimia 7.3 iliyotokea. Ni nini kilichowaokoa wale ambao hawakupewa maji ya haraka? Kabla ya kuanza, wahudumu wa hospitali zote sita walifundishwa upya huduma ya dharura ya mtoto. Oksijeni ilikuwepo, vipimo vilikuwepo, na mtu alirudi kitandani kumtazama mtoto kwa saa zilizopangwa. Huduma ya kawaida iliyofanywa sawasawa ilipunguza vifo kuliko ilivyotegemewa.

Hilo lilikuwa limeshaonekana Blantyre, Malawi, kwa mkono wa daktari mwingine wa watoto, Elizabeth Molyneux. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, kliniki ya watoto chini ya miaka mitano ilichanganya wote mlangoni: wa chanjo, wa mafua, na wa degedege. Molyneux, aliyekuwa mmoja wa walioandaa utaratibu wa dharura za watoto unaotumiwa na Shirika la Afya Duniani, akashughulika na vitu vinavyoonekana vidogo. Jengo likapangwa upya ili mgonjwa aende mbele bila kurudi nyuma. Wahudumu wakafundishwa kumtazama kila mtoto anapoingia: anapumua? Ana baridi? Ana fahamu? Anatetemeka kwa degedege? Ameishiwa maji? Mwenye moja ya hizo hapangi foleni. Idara ilifunguliwa upya mwaka 2001. Kabla ya hapo, kati ya watoto mia waliolazwa walikufa kati ya 10 na 18. Baadaye kati ya 6 na 8. Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa pale.

Maitland hakuishia kwenye maji. Baada ya FEAST aliligeukia swali la damu, kwa sababu upungufu wa damu uliua wengi katika wodi zile, na damu yenyewe ni haba. Jaribio la TRACT nchini Uganda na Malawi, lililotoa matokeo 2019, liliuliza: ni damu kiasi gani, na lini? Kwa mtoto mwenye upungufu mkubwa ambaye hana dalili nyingine za hatari, kusubiri na kumpima mara kwa mara hakukuwa na madhara yaliyoonekana, na karibu nusu yao hawakuhitaji kuongezewa damu kabisa. Kuhusu kiasi, jibu lilitegemea kitu ambacho hata bibi nyumbani hukipima kwa kiganja, nacho ni homa. Asiye na homa alinufaika na damu nyingi zaidi. Mwenye homa, damu nyingi ilimwongezea hatari. Kwa mara ya pili mwili wenye homa ulikuwa unakataa kujazwa.

Akaingia pia kwenye oksijeni, akiuliza ni mtoto yupi hasa anayeihitaji mahali mitungi inapokwisha. Jaribio hilo, COAST, lilisimama kabla ya kufikisha idadi, hivyo jibu lake lilibaki nusu.

Na mwaka 2025 yeye na wenzake wa Uganda, Kenya, Niger na Nigeria walirudi kwenye maji, safari hii kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali anayeharisha. Kwa miaka mingi wahudumu walionywa wasimtundikie dripu mtoto wa utapiamlo isipokuwa yuko kwenye shoki, kwa hofu kwamba moyo wake dhaifu utazidiwa, na akapewa maji ya kunywa tu, kijiko kwa kijiko, hata anapoyatapika. Watoto 272 waligawanywa kwa kura. Waliotundikiwa dripu hawakufa zaidi ya waliokunywa, na moyo kuzidiwa na maji, ile hofu iliyorithishwa kitabu kwa kitabu, haukuonekana.